Spika mpya, kiongozi mpya, kura zile zile 68

Swali: Naishi Brooklyn Park, Minnesota, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Mwanzo wa mwaka jana, 2025, Baraza la Wawakilishi la jimbo letu lilikaa karibu wiki tatu bila kufanya lolote. Kisha wakapata Spika mpya, na baadaye chama cha upande wa pili nacho kikapata kiongozi mpya. Kanisani na kwenye mikutano yetu Wakenya, watu wanasema mambo sasa yamelainika, miswada itapita. Wengine wanatutisha kwamba serikali itafungwa kama ilivyofungwa Washington na malipo yetu yasimame. Kikundi chetu cha watunzaji kina jambo ambalo tungependa liwe sheria. Tungoje viongozi hawa wazoeane ama twende sasa? Na kwa nini Spika asiamue tu? Mimi si raia bado, nina kadi ya kijani. Nikienda kuna maana?

Jibu: Dada, nendeni sasa. Msingoje viongozi wazoeane, kwa sababu kilichokwamisha bunge lenu ni hesabu ya viti, na kikao kinachofunguliwa tarehe 17 Februari 2026 kinaikuta hesabu hiyo pale pale ilipokuwa.

Baraza la Wawakilishi la Minnesota lina viti 134. Uchaguzi wa Novemba 2024 uliwapa Republican 67 na DFL 67 (DFL ndiyo Democrats wenu kwa jina lao la huko). Katiba ya jimbo inataka mswada upate kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Baraza, sio zaidi ya nusu ya waliohudhuria siku hiyo. Hiyo ni 68. Mbunge aliyelazwa hospitalini, aliyekwama kwenye theluji, ama aliyeamua kutoingia ukumbini, wote wanahesabika sawa na aliyesema hapana. Seneti ina viti 67, idadi inayotakiwa ni 34, na DFL wana 34 kamili. Kwa hiyo katika Seneti mtu mmoja akipata homa chama kizima kinapungukiwa, na katika Baraza hakuna chama kinachoweza kupitisha hata mswada wa kubadilisha jina la barabara bila angalau kura moja kutoka upande wa pili.

Zile wiki tatu za mwaka jana watu wengi huzieleza kama ugomvi wa wakubwa. Zilikuwa na mantiki yake. Mshindi mmoja wa DFL, karibu na Roseville, aliondolewa baada ya mahakama kuona hakutimiza sharti la kuishi katika eneo lile miezi 6 kabla ya uchaguzi. Ghafla Republican wakawa 67 kwa 66. Bunge likishafunguliwa rasmi, Spika huchaguliwa na wengi wa waliopo, na Baraza lenyewe ndilo huamua mwisho kuhusu uhalali wa mbunge wake. DFL waliogopa kwamba wakiingia tu, wenzao watachukua uspika na kamati zote, kisha wakatae kumtambua Brad Tabke, mwana-DFL wa Shakopee, aliyekuwa ameshinda kwa kura 14. Silaha waliyobaki nayo ilikuwa akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa ukumbini ili kikao kiwe halali. Wakasusia.

Republican walikutana bila wao tarehe 14 Januari 2025 wakamchagua mwenzao Lisa Demuth awe Spika. Katibu wa Jimbo, Steve Simon, ambaye kisheria ndiye hufungua kikao cha kwanza, alisema hakuna akidi. Mahakama ya Juu ya Minnesota ikamuunga mkono tarehe 24 Januari: akidi ni 68, hata kama kuna kiti kitupu. Hapo ndipo pande zote mbili zilipolazimika kuketi. Makubaliano yalipatikana mwanzoni mwa Februari, DFL wakarudi tarehe 6, na Demuth akachaguliwa upya, safari hii kihalali, akawa mtu mweusi wa kwanza kushika uspika katika jimbo hilo. Uchaguzi mdogo wa 11 Machi ukarudisha 67 kwa 67.

Kwa mtu aliyezoea Nairobi hili la akidi linachanganya. Bunge la Taifa la Kenya lina wabunge 349 na akidi yake ni 50, kwa hiyo upinzani ukitoka nje kikao huendelea bila wao, na kutoka kwenyewe huwa ni kwa ajili ya kamera. Huko St. Paul, linakokaa bunge lenu, upande mmoja ukitoka nje, Baraza zima linafungwa. Ndiyo maana kususia kwa mwaka jana kulizaa matunda ambayo kususia kwa nyumbani hakuzai.

Sasa tuje kwa Spika. Unauliza kwa nini asiamue tu, na nadhani picha uliyo nayo ni ya Spika wa kwetu. Kenya, Spika si mbunge: Moses Wetang'ula ilibidi aachie kiti chake cha useneta wa Bungoma mwaka 2022 ndipo agombee. Anatarajiwa kuwa mwamuzi. Spika wa Minnesota ni mbunge kamili, ana eneo lake, anapiga kura, na ndiye kinara wa chama chake ndani ya Baraza. Demuth, kwa mfano, ametangaza kugombea ugavana mwaka huu wa 2026. Usitegemee awe refa, na kusema hivyo si kumtukana. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo huko.

Nguvu alizo nazo ni za kweli lakini zina upande mmoja. Anaweza kuchelewesha mswada usifike ukumbini, anaweza kutoa uamuzi wa kanuni, anapanga siku. Kupitisha hawezi, kwa sababu kura yake ni mojawapo ya zile 67. Na makubaliano ya Februari 2025 yalimpunguzia hata nguvu ya kamati: karibu kila kamati ina wajumbe sawa kwa sawa na wenyeviti wenza wawili, mmoja wa kila chama. Kamati ya kuchunguza ulaghai ndiyo iliyobaki na Republican wengi, watano kwa watatu. Katika kamati hizo nyingine mswada ukipata kura sawa umeanguka, kwa sababu kura sawa haisogezi kitu. Kwa hiyo huhitaji kumshawishi Spika kwanza. Unahitaji wenyeviti wenza wawili wa kamati moja, na kundi lenu linaweza kuwafikia hao kwa barua pepe na dakika kumi na tano ofisini.

Je, basi kiongozi mpya hana maana yoyote? Ana maana, ila si ile inayosemwa kanisani. Kiongozi hupimwa kwa jambo moja: akishakubali kitu mezani, je, anaweza kuleta kura za watu wake, hata kwa jambo wanalolichukia? Mfano mnao hapo hapo Brooklyn Park. Katika mapatano ya bajeti ya mwaka jana, Republican walitaka watu wazima wasio na hati za uhamiaji waondolewe kwenye MinnesotaCare, bima ya afya ya jimbo, kufikia mwisho wa 2025. Wabunge wa DFL waliukataa mswada huo. Tarehe 9 Juni ulipita kwa kura 68 dhidi ya 65, na kura ya 68 ilikuwa ya Melissa Hortman, kiongozi wa DFL mwenyewe, peke yake katika chama chake. Alikuwa ameahidi, na bila kura hiyo bajeti nzima ingebomoka wiki tatu kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Unaweza kuuona uamuzi huo kuwa mchungu, na familia nyingi za wahamiaji zimeulipia, lakini ndivyo mkwamo unavyofunguliwa bunge likiwa sawa kwa sawa: mtu mmoja anabeba kile ambacho wenzake hawawezi kubeba.

Siku tano baadaye, 14 Juni, Hortman na mumewe Mark waliuawa nyumbani kwao. Kiti chake kilichukuliwa na Xp Lee, aliyekuwa diwani wa Brooklyn Park, katika uchaguzi mdogo wa 16 Septemba, na uongozi wa DFL katika Baraza ukaenda kwa Zack Stephenson. Huyo ndiye kiongozi mpya mnayemsikia. Viti viwili vingine vya DFL vilivyobaki wazi baada ya uchaguzi wa Novemba vilijazwa Januari 2026, na chama hicho kikavihifadhi. Stephenson na Demuth hawajapitia pamoja usiku wa mwisho wa bajeti, na huo ndio usiku unaoonyesha ahadi ya nani ina uzito.

Majimbo mengine yanatupa vipimo. Pennsylvania, Januari 2023, wabunge walimchagua Mark Rozzi awe Spika wa maridhiano. Mdemokrati aliyeahidi kuongoza bila upande. Magazeti yalishangilia. Kufikia 28 Februari alikuwa ameshaondoka, kwa sababu hakuwa na kundi la kura nyuma yake. Kila upande ulimwona si wake. Miaka miwili baadaye, bunge la jimbo hilo hilo likiwa limegawanyika, bajeti iliyotakiwa 30 Juni 2025 ilitiwa sahihi Novemba. Michigan ilikwenda tofauti. Mwaka 1993 walikuwa 55 kwa 55, wakaweka maspika wawili, Paul Hillegonds na Curtis Hertel, wakipokezana kiti mwezi kwa mwezi, na kazi ikaenda. Oregon mwaka 2011, 30 kwa 30, ikiwa na maspika wenza, ilichora hata mipaka ya maeneo ya uchaguzi, jambo ambalo kwa kawaida wabunge hushikana mashati. Msemo wetu wa mafahali wawili kutokaa zizi moja unakosea hapa: wanakaa vizuri tu iwapo zizi lina kanuni zilizoandikwa kabla hawajaingia. Minnesota sasa inazo kanuni hizo, za miaka miwili. Hiyo ndiyo sababu yangu halisi ya kuwa na matumaini kidogo kuhusu kikao hiki, zaidi ya tabia ya kiongozi yeyote.

Kuhusu kufungwa kwa serikali, tulieni. Kilichofungwa kuanzia 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025 ni serikali ya shirikisho, na bajeti yake hupitishwa na Congress, bunge la Washington. Minnesota hupanga bajeti ya miaka miwili miwili, katika mwaka usiogawanyika kwa mbili. Ile ya mwaka jana ilikamilishwa katika kikao maalumu cha siku moja na inadumu hadi 30 Juni 2027. Kwa hiyo hata wabunge wakinuniana kuanzia Februari hadi Mei mwaka huu, hakuna ofisi ya jimbo itakayofunga milango kwa sababu hiyo. Tarehe ya kuogopa ni 30 Juni 2027, na itakuwa mikononi mwa bunge jipya. Mara ya mwisho mambo kuharibika kabisa ilikuwa 2011, jimbo likafungwa siku 20 mwezi Julai.

Ikiwa malipo ya mwajiri wako yanachelewa sasa hivi, usilaumu bunge kabla ya kuuliza. Oktoba 2025 serikali ya jimbo iliagiza madai ya aina 14 za huduma zinazolipwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, yakaguliwe kabla ya kulipwa, kwa hofu ya ulaghai, na kadhaa kati ya hizo ni za watu wa kazi yako. Huo ni uamuzi wa gavana na wizara, haukusubiri kura. Na ujue hili: mwajiri kutolipwa na jimbo hakumpi ruhusa ya kutokulipa wewe saa ulizofanya. Mshahara ukikosekana, nenda Idara ya Kazi na Viwanda ya Minnesota ukiwa na karatasi zako za saa na hati za malipo ya nyuma. Hilo halihitaji mswada.

Sasa kazi yenu. Hujasema jambo lenu ni lipi, na swali la kwanza la kujiuliza ni kama linagharimu pesa za jimbo. Kama halina gharama, kwa mfano kubadilisha masharti ya mafunzo ama fomu, lina nafasi nzuri mwaka huu. Kama lina gharama, lazima liandaliwe makadirio rasmi ya fedha, na katika mwaka usio wa bajeti pesa mpya ni haba na zinagombaniwa. Hapo afadhali mlenge kusikilizwa kamatini mwaka huu ili jambo liwe limejulikana bajeti ya 2027 itakapoanza kuandikwa. Jambo la majengo ni gumu zaidi ya yote: kukopa kwa hati fungani kunahitaji tatu kwa tano ya kila nyumba, yaani kura 81 katika Baraza na 41 katika Seneti.

Kabla ya kuomba mswada mpya, tafuteni kama upo wa zamani. Miswada iliyoletwa 2025 bado ni hai hadi kikao hiki kiishe, na kuufufua uliopo ni rahisi kuliko kuanza upya. Kwenye tovuti ya bunge tafuta kwa maneno ya jambo lenu. Miswada ya Baraza huanza na HF na ya Seneti SF, kisha namba. Kila mswada unahitaji pacha wake katika nyumba ya pili. Kundi geni hukosea hapa kuliko mahali pengine popote: linampata mbunge mmoja mwema, linapiga picha naye, halafu linagundua mwezi wa Aprili kwamba upande wa Seneti hakuna mswada wa kukutana nao.

Mfadhili wa kwanza awe mbunge wako mwenyewe. Brooklyn Park imegawanywa katika maeneo zaidi ya moja, kwa hiyo ingiza anwani yako kwenye ukurasa wa kutafuta wawakilishi badala ya kukisia. Waweza kuwa kwa Xp Lee, ama kwa Huldah Momanyi Hiltsley, mbunge wa kwanza wa jimbo hilo aliyezaliwa Kenya. Najua moyo utawavuta kwa Huldah hata kama si eneo lenu. Mtembeleeni, lakini wote hao ni DFL, na kura inayokosekana iko upande mwingine. Tafuteni mtunzaji ama familia ya mzee katika eneo la mbunge wa Republican, hasa wa mashambani ambako nyumba za wazee zinahangaika kupata wafanyakazi, na huyo ndiye aombe miadi. Mbunge husikiliza sauti ya eneo lake. Mfadhili mwenza wa Republican akitia sahihi kabla mswada haujafika kamatini, mmemaliza nusu ya safari.

Mbunge akikubali, Ofisi ya Revisor huandika lugha ya kisheria. Nyinyi pelekeni ukurasa mmoja unaosema tatizo ni nini, kifungu gani kinalisababisha, na mnataka kisomeke vipi. Tarehe za mwisho za kamati huangukia kati ya Machi na Aprili, na mswada usiosikilizwa kufikia hapo mara nyingi huwa umekwisha, isipokuwa ukibebwa ndani ya mswada mkubwa wa sekta. Msiogope kubebwa hivyo. Sheria nyingi za huko hupita kwa njia hiyo. Kikao lazima kifungwe Jumatatu 18 Mei, lakini katiba hairuhusu kupitisha miswada siku yenyewe ya kufunga, kwa hiyo saa ya mwisho ni usiku wa manane wa Jumapili tarehe 17. Mswada pia lazima usomwe siku tatu tofauti katika kila nyumba, na kuruka hatua hiyo kunataka theluthi mbili. Kinachofika Mei kikiwa kibichi hufa. Na kila kilichobaki hufutwa, kwa sababu Novemba viti vyote 201 vinapigiwa kura, pamoja na ugavana ambao Tim Walz amesema hatautetea.

Kuhusu uraia: huwezi kupiga kura, lakini kuomba miadi, kuandika barua na kutoa ushahidi kamatini ni haki yako. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa hata kuchangia kampeni. Mwenye viza ya muda haruhusiwi, kwa hiyo msipitishe kikapu cha michango ya mgombea kwenye mkutano wenu bila kujua nani ana hati gani. Kanisa linaweza kusemea mswada kwa kiasi, ila lisimpigie debe mgombea, litahatarisha msamaha wake wa kodi.

Jambo moja mlifanye ana kwa ana kabla hamjaenda. Ushahidi kamatini hurekodiwa kwa video, na ule wa maandishi huwekwa hadharani pamoja na jina lako. Kama katika kikundi kuna mwenzenu ambaye hati zake hazijakaa sawa, ama ana kesi ya uhamiaji inayoendelea, aone wakili wa uhamiaji kwanza, si rafiki anayejua mambo. Mwingine anaweza kusimulia kisa chake bila kumtaja jina. Na kama mnafikiria kumlipa mtu awasemee bungeni, pigieni simu Bodi ya Fedha za Kampeni ya jimbo kabla ya kutoa malipo ya kwanza, muulize ni lini anatakiwa kujisajili.